Enfield ya 1862 ilivunjika shingo njiani: boksi lilisema nini na nani akalipa

Hii kesi nimeona niiandike yote mwanzo mwisho, maana wakusanyaji wengi wa bunduki za zamani wakisikia imevunjika njiani wanakimbilia gundi, au wanakimbilia kumtukana msafirishaji, na hapa hayo yote mawili yangemwacha jamaa aliyeinunua mikono mitupu. Amerudishiwa sehemu nzuri ya hela yake na bunduki kabaki nayo. Na kilichomsaidia zaidi sio bunduki, ni boksi. Lile boksi la karatasi ngumu ambalo wengi wetu tungeshalikunja na kulitupa jioni ileile.

Mi niliingia baadaye, niliombwa kuangalia picha na barua zilizokuwa zinaenda na kurudi, alafu bunduki yenyewe nikaiona ilipofika kwa fundi. Majina ya wahusika siyataji, hayaongezi kitu.

Bunduki ni Enfield Pattern 1853, gobore la fataki (kile kikofia kidogo kinachogongwa ili kuwasha baruti), lile la kushindilia baruti na risasi kwa mdomoni. Urefu kama sentimita 140, mtutu peke yake karibu mita nzima, uzito kilo nne na kitu, kitako cha mti wa walnati kinachokwenda mbele karibu mpaka mdomoni, na mtutu umefungwa kwenye huo ubao kwa pete tatu. Hizi ndo zile bunduki zilizohusika na ule mzozo wa mafuta yaliyopakwa kwenye katriji, vile vifurushi vya karatasi vya baruti na risasi, India mwaka 1857, na kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani (1861 mpaka 1865) pande zote mbili zilizinunua kwa wingi. Hii ya jamaa kwenye bamba la mtambo, ile mashine ya kugonga fataki, imepigwa chapa TOWER na mwaka 1862, haina neno ENFIELD, maana yake ilitoka kwa watengenezaji wa kandarasi na sio kwenye kiwanda cha serikali. Hilo liwekeni akilini, litarudi kwenye suala la kitako.

Alinunua kwa muuzaji wa nchi nyingine, makubaliano yakawa muuzaji ndo afunge mzigo, atafute msafirishaji na akate bima. Kabla ya kuendelea niseme kitu kimoja haraka, kisheria "ya kale" ina maana tofauti kila nchi. Marekani mstari wao ni bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, kwingine wanaangalia aina ya risasi, na kwingine gobore ni silaha kama silaha nyingine yoyote na kibali lazima. Huyu jamaa makaratasi yake yalikuwa sawa pande zote mbili kwa hiyo hapo hapakuwa na shida. Shida ilikuja kwenye karatasi ya mzigo, ntafika huko.

Mzigo ukafika. Dereva ana haraka, jamaa akasaini kwenye kile kimashine bila kuandika neno, dereva kaondoka. Boksi kwa nje halikuonekana baya, lilikuwa na kama mkunjo hivi upande mmoja na selotepu iliyochanika kwa chini, lakini pembe zote nane zilikuwa nzima kabisa. Hizo pembe nzima zilikuja kuwa na maana kuliko tulivyodhani.

Kabla ya kukata selotepu alifanya kitu ambacho kwa mtazamo wangu ndo kiliokoa kesi: alilipiga picha boksi pande zote sita, akaweka na futi ya kupimia pembeni, akapiga na lebo. Alafu akafungua tabaka kwa tabaka na kila tabaka picha. Ndani kuna plastiki ya vipovu, chini yake gazeti, chini yake tena vipovu vimeviringwa moja kwa moja kwenye chuma. Alipofika kwenye kitako akaona kimekaa kwa pembe ambayo kitako hakikai. Shingo imekatika, ile sehemu nyembamba nyuma ya kifyatulio, vipande viwili vimeshikiliwa na nyuzi chache za mbao.

Hapo watu wengi ndo huharibu. Mtu anashika vipande viwili anavibana pamoja aone kama vinakaa, anaviachia, anavibana tena kumwonyesha mkewe, anavibana tena kwa ajili ya picha. Kila ukibana unasaga zile nyuzi ndogo za mbao ambazo ndo ramani ya fundi, mbao iliyovunjika leo inaweza kurudi mahali pake hadi mstari usionekane, lakini ukiisaga mara tano inabaki na pengo ambalo halizibiki bila kujaza. Jamaa hakubana. Alikusanya vijiti vyote vilivyodondoka humo kwenye plastiki, hata vile vidogo kama sindano, akaviweka kwenye bahasha. Hakuweka selotepu kwenye mbao pia, maana selotepu ukija kuibandua inaondoka na rangi ya zamani ya kitako.

Kitu cha pili alichofanya, na hiki ningependa kiwe cha kwanza kwa kila mtu, ni kuhakikisha bunduki haina baruti na risasi ndani. Msicheke. Magobore yanakutwa yameshindiliwa mpaka leo, mtu wa zamani alishindilia akitarajia kufyatua kesho yake, kesho haikuja, na baruti nyeusi ikikaa mahali pakavu haifi hata ikipita miaka mia. Kupima ni rahisi. Unahakikisha hakuna fataki kwenye chuchu (kile kijibomba cha nyuma ya mtutu kinachovishwa fataki), unaingiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mdomoni taratibu mpaka ugote, uso wako na mikono viko pembeni ya mdomo wa mtutu sio mbele yake, unaweka alama kwenye mdeki pale mdomoni, unautoa na kuulaza nje sambamba na mtutu. Kama ncha inafika usawa wa chuchu basi pako wazi, kama inaishia vidole kadhaa kabla, kuna kitu humo ndani na bunduki unaiacha ilivyo mpaka aje mtu anayejua kutoa. Hii ya jamaa ilikuwa wazi. Ila wazia bunduki imevunjika shingo, ina baruti, mtu anaivutavuta ili aitoe kwenye boksi.

Sasa tuje kwenye boksi lenyewe.

Boksi la sentimita mia na hamsini halipatikani dukani kirahisi, kwa hiyo muuzaji alifanya wanachofanya wengi, alichukua boksi mbili akazichomeka moja ndani ya nyingine na kuzungushia selotepu. Tatizo hazikuwa sawa kwa urefu. Moja ndefu, moja fupi, na ile fupi iliangukia upande wa kitako, kwa hiyo kiungio kikawa kama sentimita 36 tu toka mwisho wa boksi. Kitakoni kulikuwa na plastiki ya vipovu ya kama sentimita 3. Ukitoa 3 kwenye 36 unabaki na 33. Na mpasuko kwenye mbao, ukipima toka kwenye bamba la shaba la kitakoni, unaanzia sentimita 31 na kuishia 35. Yani kiungio dhaifu cha boksi kilikaa juu kabisa ya mahali dhaifu pa bunduki. Ukitafuta kwa makusudi namna ya kuvunja shingo ya Enfield bila kuigusa, hiyo ni mojawapo.

Kwa nini shingo? Kwa sababu pale mbao imetobolewa kila upande. Kulia kuna shimo la mtambo, chini kuna mwanya wa kifyatulio, toka juu inashuka skrubu ya mkia wa mtutu (ule ulimi wa chuma nyuma ya mtutu unaoufunga kwenye mbao), na nyuma yake tu ndo mbao inakuwa nyembamba ili mkono ushike. Mbele ya hapo kuna mita nzima ya chuma, nyuma kuna kitako kizito chenye shaba. Tena nyuzi za mbao pale mara nyingi hazifuati shingo, zinakatiza, maana kitako kinateremka na ubao uliochongwa ulikuwa umenyooka. Bunduki ya zamani ikianguka au ikipinda, asilimia kubwa ya ubaya unaishia hapo, mafundi wote wa vitako watakwambia hivyo.

Alafu tukaangalia uelekeo. Bunduki ililazwa ubavu wake wa kushoto, mtambo unaangalia juu. Selotepu ya boksi ilichanika upande wa chini, na karatasi ya upande wa juu ilijikunja kwa kubanwa. Hiyo ni picha ya boksi lililoshikiliwa ncha mbili, kati pako tupu, na kitu kizito kimekaa juu. Chini kunavutika, juu kunabanwa. Ukienda kwenye mbao unakuta hadithi ileile: ubavu wa kushoto, uliokuwa chini, nyuzi ndefu zimechanika kwa kuvutwa, na ubavu wa kulia nyuzi fupi zimebonyea na kujipanga kama ufagio uliogandamizwa. Boksi na mbao vinasema kitu kimoja. Na zile pembe nane nzima zinasema kitu cha ziada, kwamba boksi halikudondoka toka juu wala halikurushwa. Liliwekewa mizigo juu, jambo ambalo hutokea kwa kila mzigo kwenye kila gari duniani.

Hapa jamaa alikuwa ameshaandika barua ya hasira kwa msafirishaji, nikamwambia asubiri kidogo kuhusu hasira ila barua aitume. Kuna sababu. Mzigo ulikuja kwa ndege toka nchi hadi nchi, na usafiri wa namna hiyo, nchi zote mbili zikiwa zimeingia, unaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999. Ule mkataba unasema ukipokea mzigo bila kulalamika, hiyo ni dalili ya mwanzo kwamba umefika salama, lakini sio mwisho wa mambo, unatakiwa ulalamike kwa maandishi mara tu unapogundua uharibifu na isizidi siku 14 toka upokee. Ukipitisha hapo umefunga mlango mwenyewe. Kwa barabara kati ya nchi zilizo kwenye mkataba wa CMR wa 1956 ni fupi zaidi, uharibifu usioonekana kwa nje una siku 7 bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Na ukitumia posta ya kawaida hiyo mikataba yote miwili inakuweka pembeni, unafuata kanuni za posta. Kwa hiyo kile kimashine alichosaini hakikumuua, lakini kama angekaa mwezi mzima anabishana na muuzaji kwenye meseji bila kumwandikia msafirishaji, kingemuua.

Msafirishaji akajibu, na jibu lake lilikuwa la baridi lakini, niwe mkweli, halikuwa la uonevu. Kwanza, mkataba huohuo unamwondolea lawama pale ambapo uharibifu umetokana na ufungaji mbovu uliofanywa na mtu mwingine na sio yeye. Akaomba picha za boksi. Jamaa akataka kumnyima, eti zitamsaidia yeye. Ni kweli zilimsaidia, zile picha zinaonyesha boksi mbili zilizochomekwa, karatasi ya tabaka moja, hakuna ubao wala bomba la kushikilia urefu. Lakini ukificha picha kwa msafirishaji huwezi baadaye kuzitumia kwa muuzaji bila kuonekana mjanja, na kila mtu kwenye hii minyororo anaandikiana na mwenzake.

Pili, karatasi ya mzigo. Muuzaji alikuwa ameandika "pambo la ukutani, mbao na chuma". Anasema alifanya hivyo kwa sababu wasafirishaji wengi hawataki kusikia neno bunduki hata kama ni ya 1862 na haina fataki, na hilo mi najua ni kweli, baadhi wanakataa kabisa, baadhi wanakubali kwa mkataba maalumu tu. Lakini kuandika pambo kuna gharama yake. Mzigo ukifika salama hakuna anayejua, ukiharibika unaomba ulipwe bei ya silaha ya kihistoria kwa kitu ulichokiita pambo. Tena kwenye nchi nyingine hiyo sio suala la fidia tena, ni suala la forodha na polisi. Mi huyu muuzaji kwenye hili simwonei huruma hata kidogo.

Tatu, hata kama msafirishaji angekubali kosa asilimia mia, kuna kikomo. Montreal inahesabu kwa kilo. Toka mwisho wa mwaka 2019 ilikuwa SDR 22 kwa kilo, na toka tarehe 28 Desemba 2024 imepanda kuwa 26. SDR ni kile kipimo cha hesabu cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, sio hela unayoshika. Boksi zima lilikuwa kilo 7, kwa hiyo 7 mara 26 ni 182. Kwa mtu aliyenunua Enfield nzuri hiyo ni hela ya kufutia machozi. Njia ya kuvuka kikomo ipo, mtumaji anatangaza thamani maalumu anapokabidhi mzigo na analipa nyongeza kama inadaiwa, lakini huwezi kutangaza thamani ya bunduki kwenye karatasi iliyoandikwa pambo, unaona jinsi uongo mmoja unavyofunga milango miwili.

Kwa hiyo msafirishaji akatoka. Tukabaki na bima aliyokata muuzaji.

Hapo muuzaji alikuwa na raha kabisa, anaandika usijali, bima ipo, ni ya hatari zote. Bima ya "hatari zote" haina maana ya hatari zote. Nyingi za mizigo zinafuata masharti ya Institute Cargo Clauses (A), toleo la 2009, na kifungu cha 4.3 kinatoa nje uharibifu unaotokana na ufungaji usiotosha kuhimili misukosuko ya kawaida ya safari, endapo aliyefunga ni mwenye bima mwenyewe au ufungaji ulifanyika kabla bima haijaanza kufanya kazi. Muuzaji ndo mwenye bima, muuzaji ndo kafunga. Mkaguzi wa bima akaziangalia picha zilezile, akapima kiungio kilekile, akasema pembe ziko nzima, hakuna ajali hapa, hii ni safari ya kawaida na boksi halikuiweza. Akakataa.

Sasa msomaji anaweza kusema basi boksi limemuua jamaa mara mbili. Hapana. Jamaa hakuwa na mkataba na bima, na mkataba wake wa kweli ulikuwa na muuzaji, ambaye alikubali kwa maandishi kwamba kufunga na kukata bima ni juu yake. Kila barua ya kukataa iliyotoka kwa msafirishaji na bima ilikuwa inasema jambo moja: aliyefunga ndo kakosea. Jamaa akachukua barua zote mbili, picha za boksi na hesabu ya sentimita, akamtumia muuzaji bila tusi hata moja. Muuzaji hakuwa na pa kuelekeza kidole. Kama boksi lingekuwa limeshatupwa, kila mmoja wa hawa watatu angesema ni yule mwingine na kesi ingeishia hapo.

Ila haikuwa nyeupe kabisa upande wa jamaa pia, kwa sababu ya kitu alichokiona fundi alipoweka uso wa mpasuko chini ya taa. Mbao iliyovunjika juzi ina rangi ya ndani, hafifu, safi, nyuzi zinang'aa. Sehemu kubwa ya mpasuko ilikuwa hivyo. Lakini juu, karibu na mkia wa mtutu, kulikuwa na kama upana wa vidole viwili ambao ulikuwa mweusi kwa mafuta na uchafu, na juu yake kuna gundi ya kahawia iliyokauka na kupasukapasuka. Ufa wa zamani. Mtu fulani, labda vizazi kadhaa nyuma, aliona shingo imeanza kufunguka akaibandika. Kwenye maelezo ya mauzo hilo halikuwepo, imeandikwa kitako kizima.

Muuzaji akarukia hapo, akasema unaona, ilikuwa mbovu, ingevunjika hata ingefungwaje. Hoja hii ina ukweli kidogo na mtego mkubwa. Ukweli ni kwamba shingo yenye ufa inavunjika kwa nguvu ndogo. Mtego ni kwamba yeye ndo aliyeuza kama kitako kizima, kwa hiyo akisema ilikuwa na ufa anakiri kwamba maelezo yake hayakuwa sahihi. Ama alifunga vibaya kitu kizima, ama alifunga vibaya kitu kibovu alichokiuza kama kizima. Sijui kama alikuwa anaujua ule ufa, gundi ilifunikwa na miaka ya mafuta na nta, kwa macho ya kawaida usingeuona. Lakini kujua au kutojua hakubadilishi bei.

Na bei ndo ilikuwa ngumu. Muuzaji alianza kwa kusema atalipia fundi, basi. Akaongeza kwamba kuna vitako vya Enfield vinauzwa, atanunua kimoja, kitabadilishwa, kila mtu afurahi. Hapa ndo ile chapa ya TOWER inarudi. Enfield zilizotoka kiwanda cha serikali kwa mashine, vipande vyake vilitengenezwa viingiliane. Za kandarasi kama hii kwa kawaida zilikamilishwa kwa mkono, mtambo umechongewa shimo lake, mkia wa mtutu umekalishwa kwenye mbao yake. Kitako cha bunduki nyingine hakitakaa bila kuchongwa upya, na hata kikikaa umepoteza mihuri ya wakaguzi na watengenezaji iliyopigwa kwenye mbao, ambayo kwa mkusanyaji ni nusu ya sababu ya kuinunua. Kubadilisha kitako kungeigeuza bunduki kuwa vipande vya bunduki mbili.

Gharama ya fundi nayo sio hasara yote. Shingo ikiungwa vizuri sana bado ni shingo iliyoungwa, na mnunuzi wa kesho akiambiwa, na lazima aambiwe, atakata bei. Kwa hiyo jamaa alitafuta mthamini asiyemjua muuzaji, akaomba thamani tatu kwa maandishi: bunduki kama ilivyoelezwa kwenye tangazo, bunduki ikiwa na ule ufa wa zamani lakini haijavunjika, na bunduki iliyovunjika na kuungwa vizuri. Tofauti ya kwanza na ya pili ni kosa la maelezo. Tofauti ya pili na ya tatu ni kosa la safari. Kwa jamaa zote zinamwangukia mtu mmoja kwa hiyo mgawanyo haukumhusu sana, lakini ulimsaidia muuzaji kuona kwamba hata akishinda ile hoja yake ya ufa anabadilisha tu jina la deni.

Kurudisha bunduki na kupata hela yote ilikuwa njia nyingine, na kwa karatasi ilikuwa haki yake. Mi nilimshauri afikirie mara mbili. Kurudisha maana yake kibali kingine cha kutoa nje, msafirishaji mwingine wa kumbembeleza, na vipande viwili vya mbao vinasagana tena safari nzima, alafu muuzaji anapokea kitu kibaya zaidi ya kile kilichopigwa picha na mnaanza upya. Walikubaliana bunduki ibaki, muuzaji arudishe karibu nusu ya bei, na fundi alipwe na jamaa kutoka kwenye hiyo hela. Wapo watakaosema alikubali kidogo. Kwa Enfield ya TOWER yenye ufa wa zamani mi naona ilikuwa sawa. Ingekuwa bunduki adimu ya saini ya fundi maarufu ningemwambia agome.

Upande wa ufundi sitakaa sana, ila kuna mawili. Fundi alitoa mdeki, akalegeza pete, akatoa mtambo na skrubu ya mkia, akanyanyua mtutu ili uzito wote uondoke kabla ya kugusa mpasuko, na bisibisi zake zilichongwa zikae sawasawa kwenye kila kichwa cha skrubu, maana kichwa kilichotafunwa kinapunguza bei kama vile ufa. Ile sehemu nyeusi ilibidi ivutwe mafuta kwanza kwa asetoni na unga wa chaki, kwa kurudia, gundi haishiki kwenye mbao iliyolewa mafuta ya miaka mia na sitini. Alafu likaja swali la gundi gani. Epoksi ina nguvu zaidi na kama bunduki ingekuwa ya kupigwa mi ningesema epoksi na pini ya shaba ndani ya shingo, bila mjadala. Lakini hii ni ya kutazamwa, na gundi ya ngozi, ile inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi za wanyama na inayoyeyuka kwa joto na unyevu, inampa fundi wa baadaye nafasi ya kuifungua na kufanya vizuri zaidi. Epoksi ikishaingia ndo imeingia. Wakachagua ya ngozi, bila pini, na vile vijiti vya kwenye bahasha vikarudi karibu vyote mahali pake, mpasuko wa mpya hauonekani usipoambiwa. Ule wa zamani unaonekana kidogo, mstari mweusi, na fundi akakataa kuupaka rangi.

Kwenye mtutu kulikuwa na viduara vyekundu vya kutu, duara moja kwa kila kipovu cha plastiki iliyogusa chuma, unyevu ulinaswa humo. Jamaa alitaka msasa. Fundi akamnyang'anya. Mafuta mepesi na kitambaa, kurudia kwa siku kadhaa, alafu nta ya Renaissance, ile iliyobuniwa kwenye maabara ya British Museum miaka ya 1950, na rangi ya zamani ya chuma ikabaki.

Sasa jamaa akinunua tena anamwandikia muuzaji masharti ya kufunga kabla ya kulipa: boksi ndani ya boksi, ya ndani iwe na ubao wa plaiwudi au bomba gumu la plastiki urefu wote, shingo ishikiliwe na sponji ngumu pande zote mbili, kitako na mdomo vizuiwe visisogee, karatasi isiyo na asidi kwenye chuma badala ya vipovu, hakuna kiungio popote, picha kabla ya kufunga na jina sahihi la kitu kwenye karatasi ya mzigo. Kutenganisha mtutu na kitako ili kupunguza uzito shingoni anakubali tu kama muuzaji anajua kufungua, maana muuzaji asiyejua akitoa mtambo anang'oa na vipande vya mbao kwenye kingo. Wauzaji wawili wameshamwambia anasumbua na wakakataa biashara. Boksi la kesi alilitunza mpaka hela ya mwisho ilipoingia, picha zake na ripoti ya fundi ziko kwenye faili moja na bunduki, kwa sababu siku akiiuza mnunuzi ataiangalia ile shingo na atauliza.